Kunakili Ndiko Kutunza: Diski Ngumu, Kutoka Lamu Hadi Kasulu

Tuanze na mtu wa kalamu kabla hatujafika kwa mtu wa bisibisi. Kule Lamu aliishi Muhamadi bin Abubakari Kijumwa, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jina la Kijuma. Alifariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji na mwanamuziki, lakini kazi iliyolifanya jina lake lisipotee ni ya unakili. Alikaa kitako akaziandika upya, kwa hati ya Kiarabu, tendi zilizotungwa na watu waliomtangulia, akawapa akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Miswada hiyo ndiyo inayosomwa leo katika maktaba za Ulaya. Karatasi alizozitazama yeye alipokuwa ananakili, nyingi zimeliwa na mchwa au zimeozeshwa na unyevu wa pwani.

Chukua na Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika akishirikiana na mmisionari William Taylor, na diwani yenyewe ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Miaka 100 kamili! Kama Sikujua angesema "nitafanya kesho", sisi leo tungekuwa tunamjua Muyaka kwa sifa tu, bila mashairi.

Sasa liangalie hilo neno: kunakili. Ndilo hilo hilo linalotokea kwenye kompyuta ukiiweka kwa Kiswahili, unapotaka faili liwe mawili. Watu wa teknolojia hawakutafuta neno jipya, walimrithi Kijuma. Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tukizungumzia utunzaji wa diski ngumu nyumbani tunadhani tunazungumzia mambo ya mafundi: nyaya, skrubu, vumbi. Kumbe tunazungumzia kazi ile ile ya zamani ya mnakili. Diski haitunzi kitu. Anayetunza ni mtu anayenakili, na diski ni karatasi yake tu.

Sahani 50 na mwalimu mmoja

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa duniani ilitangazwa na IBM mwaka 1956. Ilikuwa sehemu ya mtambo ulioitwa RAMAC. Kiongozi wa kazi hiyo, Reynold Johnson, aliwahi kuwa mwalimu wa sekondari huko Michigan, Marekani, na kabla ya diski alibuni mashine ya kusahihisha mitihani. Ni mwalimu aliyechoka kusahihisha, kwa ufupi.

Diski yenyewe ilikuwa na sahani 50, kila moja na kipenyo cha inchi 24, zimepangwa kama sahani za harusi kabatini. Ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Ilibeba herufi milioni 5. Leo wimbo mmoja wa bongofleva kwenye simu yako unaweza kujaza mtambo huo mzima.

Kanuni iliyobuniwa wakati ule ndiyo iliyopo hadi leo: sahani yenye utando wa sumaku inazunguka, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa. Mwaka 1973 IBM walitoa diski iliyopewa jina la utani Winchester, ambayo vichwa na sahani vilifungiwa pamoja ndani ya boksi moja. Mwaka 1980 kampuni changa ya Seagate ikatoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, iliyoweza kuingia ndani ya kompyuta ya mezani. Mwaka 1983 kampuni ya Rodime kutoka Scotland ikapunguza hadi inchi 3.5. Ndani ya miaka 27, kitu cha kubebwa na winchi kikawa kitu cha kushikwa kiganjani.

Na sisi tulikuwa wapi?

Nchi iliyoifungia kompyuta mlango

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Haikuwa ya mtu, ilikuwa ya dola, na kazi yake ilikuwa kushika hesabu za dola. Mambo hayakwenda vizuri. Mfumo wa hesabu za serikali ulipohamishiwa kwenye mashine ulivurugika, gharama zikapanda, na mwishowe watu wakarudi kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zikajumuishwa humo humo.

Ni rahisi kwa kijana wa leo kucheka. Mimi sicheki. Nchi ilikuwa maskini wa fedha za kigeni, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha hizo ilishindwa kumwambia mwenye nyumba ana shilingi ngapi. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa la haki kabisa: kumbukumbu yetu tukiikabidhi kwa chombo tusichoweza kukitengeneza wenyewe, kikiharibika tutafanya nini? Jibu la marufuku ndilo lililokuwa baya. Swali lenyewe bado lipo, na limeingia sebuleni kwako.

Miaka ya 1980 marufuku hiyo ikalegezwa, na miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa. Televisheni ya kwanza Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kompyuta zikaanza kuingia: kwanza kwenye maofisi na miradi ya wafadhili, baadaye kwenye shule na "stationery", na hatimaye kwenye nyumba za watu. Nyingi zilizofika mikoani zilikuwa za mtumba. Kompyuta iliyokwisha kazi yake kwenye ofisi ya Ulaya ilianza maisha ya pili Kariakoo, na ya tatu kwenye meza ya mtu Kigoma, Kasulu au Kibondo.

Kwa hiyo huku kwetu kuboresha diski hakukuanza kama mchezo wa wapenda mashine. Kulianza kwa lazima. Kompyuta ilikuja na diski ndogo, imechoka, imejaa mafaili ya mtu usiyemjua. Ukitaka iishi, uifungue.

Bwana na mtumwa

Fundi aliyefanya kazi miaka ile atakukumbusha jambo moja. Diski za aina ya IDE zilizotawala tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ziliweza kukaa mbili kwenye waya mmoja, ule mpana kama utepe. Ili zisigombane, kila moja ilipangiwa cheo kwa kipande kidogo cha plastiki kilichochomekwa kwenye vijiti nyuma yake. Kwenye kibandiko cha diski palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "bwana" na "mtumwa". Bwana ndiye aliyewasha kompyuta, mtumwa alifuata.

Fikiria maneno hayo yakisomwa katika mkoa wa Kigoma, ambao Ujiji yake ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo, watu na pembe za ndovu wakielekea pwani. Mafundi wengi waliyatamka tu kama namba za gari. Lakini historia ya neno haifutiki kwa kuzoeleka. Mwaka 2003 kaunti ya Los Angeles, huko Marekani, iliwaomba wauzaji wa vifaa waache kuyatumia. Mwaka huo huo zikaanza kuuzwa diski za SATA, ambazo kila moja ina waya wake mwembamba na hazihitaji cheo. Haki na uhandisi vilikutana njiani, bila kupanga.

Kikwazo kingine kilikuwa ukubwa. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyingi hazikuweza kuona zaidi ya megabaiti 528 za diski. Baadaye ukuta ukawa gigabaiti 8.4, kisha 137. Mtu ananunua diski kubwa, anaifunga kwenye kompyuta ya mtumba, na mashine inamwambia ameleta kitu kidogo. Wengi walidhani wametapeliwa, kumbe diski ilikuwa nzima na kompyuta ndiyo iliyokuwa haijui kuhesabu mpaka huko.

Halafu likaja jambo la mbali lililotugusa sote. Mwishoni mwa 2011 mafuriko yalifunika viwanda nchini Thailand, vikiwemo vya Western Digital, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa moja ya vitovu vikuu vya kutengeneza diski duniani. Bei zikapanda kila mahali. Mto ulifurika Asia, na mtu wa Kasulu aliyekuwa amejiwekea fedha ya diski mpya akaambiwa aongeze.

Umeme wa jenereta, vumbi jekundu

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ni nchi nzuri kwa mtu na ngumu kwa mashine. Hii ni nchi ya Waha: Kasulu ndiyo Heru ya zamani, na Kibondo ndiyo Muhambwe. Kuna ubaridi, kuna mvua za radi, na kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari. Kwa miaka mingi miji hii haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, mpaka ilipounganishwa na gridi mwaka 2022. Aliyekaa huko anajua: umeme unayumba, unakatika, unarudi kwa kishindo.

Hapa kuna imani mbili za mtaani ambazo ni vizuri tuzinyooshe.

Ya kwanza, eti vumbi linaingia ndani ya diski na kuikwaruza. Hapana bwana. Diski ya kawaida ina tundu dogo la kupumulia, na tundu hilo lina chujio. Vumbi linaiua diski kwa kuzunguka: linaziba feni, joto linapanda, na diski inayochemka miezi na miaka haifiki mbali. Kwa hiyo fagia feni na matundu ya kompyuta kwa brashi laini, ukiwa umeizima na kuchomoa waya. Diski yenyewe usiifungue kamwe. Kichwa cha kusomea kinaelea nanomita chache tu juu ya sahani, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukifungua kifuniko sebuleni Kitanga, hata Dar es Salaam, chembe moja ya vumbi mbele ya kichwa hicho ni kama jiwe barabarani mbele ya pikipiki.

Ya pili, kwamba umeme ukikatika vichwa vinaanguka juu ya sahani na kuzikata. Hilo lina historia, maana diski za zamani zilihitaji kuamriwa kuegesha vichwa kabla ya kuzimwa. Za miaka mingi sasa zinajiegesha zenyewe, zikitumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani. Hatari yenyewe iko kwingine. Kwanza, faili lililokuwa linaandikwa wakati umeme unakata hubaki nusu, na wakati mwingine huharibu orodha nzima ya mafaili. Pili, umeme ukirudi na kishindo unaweza kuunguza kibao cha saketi kilicho chini ya diski. Na usidhani utakichomoa kibao cha diski nyingine inayofanana uweke. Katika diski za kisasa kila kibao kina vipimo vya diski yake yenyewe. Ni kama ufunguo wa jirani: unafanana na wako, lakini haufungui.

Ndiyo maana laptopu yenye betri nzima ilipendwa sana miji ya jenereta: betri ilikuwa mlinzi wa diski. Kwa kompyuta ya mezani, UPS si anasa. Radi ikianza, chomoa waya kabisa, usizime tu kwa swichi.

Kuhama nyumba

Siku hizi kuboresha diski maana yake ni moja: kutoa ile inayozunguka na kuweka SSD, ambayo haina sahani wala kichwa. Laptopu ya miaka 10 iliyopita iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka, inawaka kwa sekunde. Ni kazi ya jioni moja, na unaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza jua afya ya diski ya zamani. Diski zina mfumo wa kujipima uitwao SMART, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakusomea. Tazama mistari miwili: 05, ambayo ni vipande vilivyokwisha kufa na kuhamishwa, na C5, ambayo ni vipande vinavyosubiri hukumu. Namba hizo zikianza kupanda, usisubiri mwisho wa mwezi. Na ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, izime. Usiiwashe kila baada ya nusu saa "kuona kama imepona". Kila kuwasha kunaweza kukwaruza kilichobaki.

Pili, jua unanunua nini. Laptopu nyingi za mtumba zinakubali SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kagua kabla hujalipa, maana kuna zile nyembamba kama ubao wa ubani ambazo haziingii humo. Zikiwa na unene wa milimita 7 na nafasi yako ni ya 9.5, kipande cha plastiki kinajaza pengo. Ukiuziwa flashi au diski yenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya chee, ijaribu kwa programu kama H2testw kabla hujaiamini: feki zinadanganya kompyuta kwamba ni kubwa, halafu zinameza mafaili kimya kimya.

Tatu, nakili. Unaiunganisha SSD kwa adapta ya USB, unawasha Clonezilla kutoka kwenye flashi, na inahamisha kila kitu kama kilivyo, mradi diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Mafundi wengi hawapendi njia hii. Wanapenda kufomati na "kupiga Windows" upya, kwa sababu ni haraka. Mwambie fundi mapema, kwa sauti: mafaili kwanza. Picha nyingi za familia zimepotea kwenye vibanda vya mafundi kuliko kwenye moto, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Nne, ile ya zamani usiitupe kama bado ni nzima. Iweke kwenye kava la USB, iwe nakala yako ya pili. Hapo ndipo unapokuwa mnakili.

Lakini SSD nayo ina tabia zake. Haigongi. Inakufa ghafla, asubuhi moja haionekani. Ukifuta faili, mara nyingi limekwenda moja kwa moja, kwa sababu diski yenyewe husafisha nafasi hiyo. Ikikaa kabatini miaka bila umeme, chaji iliyobeba maandishi inaweza kufifia. Na usiipange upya mafaili yake kama tulivyozoea kufanya kwa diski za sahani. Haipati faida, inachakaa tu.

Nani atakinakili Kiha?

Nimesema haya yote ili nifike hapa.

Kiha kina wasemaji wengi, lakini hakina rafu. Shuleni hakifundishwi. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vituo vya redio vitumie Kiswahili au Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na Kiha kimo, lakini atlasi inakuonyesha mahali lugha ilipo. Haikupi sauti ya bibi anayesimulia. Sauti hiyo iko wapi? Iko kwenye video za harusi, kwenye rekodi za kwaya, kwenye simu ya mjukuu aliyemrekodi babu akicheka. Yaani iko kwenye diski za watu binafsi. Fasihi simulizi ya nyanda za juu za Kigoma haiko maktaba. Iko kwenye laptopu inayogonga.

Na si Waha peke yao. Wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa vizazi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tangu 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Kuna watu waliozaliwa, wakasoma na wakaoa mahali ambapo leo hapapo. Ushahidi wao kwamba palikuwepo ni picha chache kwenye kadi ya memori ya ukubwa wa ukucha.

Mpiga picha Peter Krogh aliwafundisha wenzake kanuni fupi ya namba 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Huku kwetu haihitaji intaneti ya gharama. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya kava la USB, moja kwa shangazi Kibondo au kwa kaka aliyeko Mwanza. Kila mwaka zitoe, ziwashe, zijaribu kufungua mafaili matano au kumi. Na andika majina: nani anasimulia, wapi, mwaka gani. Rekodi isiyo na jina, baada ya miaka 30, ni sauti ya mgeni.

Wenye mali mwaka 1840 hawakumwekea Muyaka maktaba. Walimkariri, halafu akatokea mmoja mwenye kalamu. Kama unayo diski yenye sauti za wazee na umesoma mpaka hapa, wewe ndiye huyo mmoja. Bisibisi ya kuhamishia SSD ni ndogo kuliko kalamu ya Kijuma, na kazi inaisha kabla ya chakula cha usiku.